Karatasi ya Mtambo Imesomwa, Baba Wairimu

Baba Wairimu,

Nakuandikia nikiwa Makongeni, kwenye kile chumba changu ulichokuwa ukisema kina mlango mkubwa kuliko chumba chenyewe. Ni Jumapili, sina kibarua leo. Nimefua, nimeanika, nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua na karatasi iko magotini. Mwandiko wangu unaujua. Ulikuwa ukiutazama na miwani, halafu bila miwani, kisha unanirudishia: "Hamisi, soma mwenyewe, mimi si daktari."

Nikupe kwanza ile habari kubwa. Injinia Gitau ameisoma ile karatasi kwa mdomo wake mwenyewe. Ilikuwa ndani ya chumba kile kile cha mikutano, mbele ya watu wale wale. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango nimeshika ngazi, nikaona jasho likimtoka chini ya masikio. Nilifurahi. Wewe sitakudanganya. Nilifurahi kama mtu aliyekula akashiba.

Lakini wacha nirudi nyuma, kwa sababu kuna mambo hukuyajua ukiwa hai, na moja kati ya hayo nilikuficha mimi.

Unakumbuka nilikuja kwako nikiwa mtu wa kuchimba mitaro ya nyaya, darasa la saba sikulimaliza. Siku ya kwanza uliponionyesha ile laini ya kidijitali ya kiwanda sikuamini. Waya nne tu, nyembamba kama za redio, na zinabeba mazungumzo thelathini kwa wakati mmoja. Nilikuuliza sauti za watu zinapitaje humo bila kuchanganyika. Hukunijibu hapo. Ulinipeleka kwenye yadi ya mbao, ukanionyesha wazee wawili wakipasua gogo kwa msumeno mrefu, mmoja juu, mwingine shimoni. Ukasema, "Tazama. Mmoja anavuta, mwingine anafuata. Kila mtu akijifanya kiongozi, msumeno unakwama." Halafu ukanieleza kwamba mtambo wetu wa simu ni yule mzee wa shimoni. Kampuni ya simu ndiyo inayopiga saa, sisi tunaifuata. Tukijipigia saa yetu wenyewe, hakuna atakayeona kitu dakika ya kwanza wala ya pili, lakini kidogo kidogo tunapishana, sauti inakwaruza, na mwisho simu inakatika mtu akiwa katikati ya neno.

Ulikuwa ukisema "raini" badala ya "laini" mimi nikicheka, nawe ukinijibu kwamba mtu wa Mumias kama mimi akishaona kuku hawezi kuona kitu kingine, ndiyo maana waya nyekundu na ya kahawia zinamshinda.

Na ulinifundisha kitanzi. Laini ikilala, kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole, kampuni ya simu inasema ni sisi, sisi tunasema ni wao. Wewe ulichukua kipande cha waya, ukaunganisha njia ya kutoka na njia ya kuingia, mtambo ukabaki unajisikia wenyewe. Taa ikigeuka kijani, upande wetu ni mzima. Ikibaki nyekundu, shida iko kwetu. "Jipime wewe kwanza, ndiyo upige simu ya kulaumu watu." Hilo neno limenitesa miezi hii yote, Mzee. Nitakuambia kwa nini.

Ile Jumatatu ulikwenda kliniki kupimwa presha. Injinia, mwenye kampuni inayotunza mitambo ya simu ya kiwanda, akatoka ofisini kwake Ruiru akaja Thika na vile viatu vyake vya kung'aa, akaniita kwenye kile chumba kidogo cha mtambo nyuma ya mapokezi. Balbu ilikuwa imeungua. Nilimshikia tochi. Alifungua kompyuta yake, akachomeka waya, akaandika-andika kama robo saa. Alisema tawi la kiwanda kule Ruiru linafanya vizuri kwa mpangilio wake, na sasa anaweka mpangilio huo huo hapa. Kisha akaniambia, "Usimwambie mzee. Atadhani namsahihisha."

Sikujua amegusa nini, naapa. Leo najua. Ule mtambo wa Ruiru umeunganishwa na jengo la pili la pale pale, na ndio unaolipigia jengo hilo saa. Pale ni haki uwe kiongozi. Injinia akauchukua uongozi huo akauleta Thika, mahali ambapo kazi yetu ni kufuata. Ni kosa la mtu aliyezoea mtambo mmoja akadhani yote ni ndugu. Wewe mwenyewe ungemcheka, ungemrekebishia, ungemwambia anunue mandazi yaishe. Kosa lenyewe hata mimi ningemsamehe.

Jumanne asubuhi simu zikaanza kukatika. Opereta wetu Nyambura alikuwa akilia pale mapokezi kwa matusi ya wateja. Wewe ukafunga kitanzi, taa ikawa kijani. Ukawapigia kampuni ya simu nao wakafunga chao, kijani pia. Ukakaa chini kwenye kile kiti kisichokuwa na mgongo, ukasema, "Basi ni saa." Ulipotaka kuingia kwenye mtambo uangalie, namba yako ya siri ikakataa. Ile sifuri tatu, yaani 03. Injinia alikuwa amezifunga namba zote isipokuwa yake. Ulipomuuliza alisema anafanya uchunguzi.

Halafu Alhamisi wakatuita chumba cha mikutano.

Najua uliyasikia yote, ulikuwepo. Nataka tu uone kwamba sijasahau hata moja. Injinia alisimama akamwambia Madam Kendi, yule mkuu wa utawala, kwamba mzee amezoea simu za kuzungusha kidole na laini ya kidijitali imemshinda. Uliinua mkono kama mtoto wa shule. Ulisema, "Nipeni dakika kumi nitoe historia ya mtambo. Mtambo unaandika kila aliyeugusa." Naye akajibu, "Historia yako tunaijua, Mzee." Watu wakacheka. Mhasibu alicheka. Nyambura aliziba mdomo lakini alicheka.

Sasa lile jambo langu.

Madam Kendi alinigeukia. Unakumbuka. Alisema, "Hamisi, wewe uko nao kila siku. Kuna mtu mwingine aliyefungua mtambo wiki hii?" Injinia hakunitazama hata kidogo, alikuwa akichezea kalamu. Wewe ulinitazama. Nami niliiona ile tochi mkononi mwangu, Mzee, niliiona waziwazi. Nikafikiria Mumias, watoto wangu wanne, nikafikiria kurudi kwenye mitaro. Nikasema, "Mimi ni wa kuvuta waya tu, madam."

Ulinitazama hiyo mara moja tu. Hukurudia.

Wakakufukuza hapo hapo, na pale getini walimwagiza askari Mutiso akague kisanduku chako. Alitoa koleo, alitoa bisibisi, alitoa waya na daftari, alitoa chupa yako ya chai, alitoa ndizi iliyokatwa nusu na kile kitambaa cha miwani. Vyote juu ya meza, wafanyakazi wa zamu wakipita. Ukavirudisha kimoja kimoja. Ukanipa mkono, ukasema, "Ekstensheni ya kliniki ya kiwanda bado inakwaruza. Usiisahau." Ni hilo tu. Hukuniuliza kwa nini. Afadhali ungenipiga kofi.

Ijumaa asubuhi simu zilikuwa nzima. Zote. Injinia alipita mapokezi akisema, "Mnaona? Mzee ameenda, na shida imeenda naye." Watu wote waliamini. Ungekuwa wewe ni mfanyakazi mwingine ungeamini pia.

Wiki ya tatu Wairimu akanipigia simu, akasema baba ameanguka bafuni.

Kule kwenu Murera, siku ya kukuzika, Injinia alikuja na shada la maua kubwa kuliko la kanisa. Akaomba maiki. Alisema, "Marehemu alikuwa mtu mzuri, alijitahidi, lakini teknolojia ya leo inakimbia, na wazee wetu wanaachwa nyuma." Aliyasema hayo kwa sauti ya huruma. Kaka yako mkubwa alipiga makofi kwa adabu tu. Mama Wairimu aliinamisha kichwa kwenye kile kiti cha plastiki, akaanza kukunja ukingo wa leso, akaukunja, akaukunja. Mimi nilikuwa nimesimama na vijana wenye sepetu. Nilitupa udongo na macho yangu yako kwa Injinia, sio kwako. Nisamehe kwa hilo. Wakati watu wanakuombea, mimi nilikuwa naahidi kitu kingine.

Nikarudi kazini kwake. Watu wengine waliniona sina aibu. Nyambura aliniambia, "Wewe Hamisi, mzee wako amezikwa juzi na unambebea huyu mtu begi?" Nilimbebea. Nilimbebea na ngazi, nikamwita mkubwa, nikacheka vichekesho vyake. Nilitaka kuwa karibu na ule mtambo.

Shida ni kwamba mtambo hauweki historia milele. Unaweka mabadiliko mia mbili ya mwisho. Likiingia jipya, la zamani kabisa linadondoka. Na ni nani aliyepewa kazi ya mabadiliko madogo ulipoondoka? Ni mimi. Namba yangu sifuri saba, ambayo Injinia aliifungua tena, ulinipa wewe, ukasema kila mtu aingie na namba yake ili akivunja ajulikane. Kila nilipobadilisha jina la ekstensheni, kila nilipomfungia karani simu za nje ya nchi, nilikuwa naisukuma ile Jumatatu kuelekea ukingoni. Ushahidi ulikuwa unakufa kwa vidole vyangu.

Basi nikawa mvivu. Hujawahi kuniona mvivu namna ile. Waliniomba jambo nikasema kesho. Nyambura alikuja juu: "Hamisi, meneja wa mauzo aliacha kazi Machi, mbona jina lake bado linatokea kwenye simu? Watu wanadhani ni mzimu." Nikamwambia mtambo umechoka. Akanijibu aliyechoka ni mimi, na mtambo hauna mdomo wa kujitetea. Ningependa kujua kama alijisikia alichokisema.

Waya wa kuunganisha mtambo na kompyuta ulikuwa ndani ya kisanduku chako. Nilikwenda Witeithie kwa Mama Wairimu. Alinipikia chai ya maziwa, akanikatia mkate, akanitolea kisanduku chini ya kitanda. Hakuwa amekifungua. Ile nusu ndizi ilikuwa humo, nyeusi kama kamba. Aliponiona nimeishika akatoka nje, akasimama kwenye kamba ya nguo muda mrefu bila kugusa nguo. Chini ya koleo nilikuta daftari lako la jalada la bluu. Kila amri ya mtambo uliiandika kwa herufi kubwa, na kando yake kwa Kiswahili: hii ya kuona saa, hii ya kufunga kitanzi, hii ya kutoa historia. Kwenye ukurasa mmoja uliandika, "Ya Hamisi, asome pole pole."

Nilisoma pole pole. Mzee, nilisoma usiku na mchana mpaka nikaota zile herufi.

Nilingoja saa ya chakula, Injinia yuko Ruiru. Nikamwambia Nyambura ukweli wote, hata habari ya tochi. Alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. Kisha akaondoa bili kwenye printa yake, akaweka karatasi safi, akasema, "Andika basi, unangoja nini?" Ndugu zake wote ni wa mdomo mkali hivyo, lakini alisimama mlangoni akinichungia. Nilichomeka ule waya kwenye kompyuta yake, nikakosea amri mara mbili. Mara ya tatu printa ikaanza kulia.

Kurasa nne. Nilianzia mwisho, nikapanda juu. Jina, jina, jina, sifuri saba, sifuri saba, mimi tu na ujinga wangu. Kisha nikafika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Mistari sita tu ilikuwa imebaki kabla ya ukingo. Wa sita kutoka juu ulikuwa wa balbu, nikimaanisha siku ya balbu kuungua. Jumatatu, saa tisa na dakika kumi, chanzo cha saa kimebadilishwa, namba sifuri moja. Chini yake, siku hiyo hiyo, namba sifuri tatu imefungwa, nyingine zote pia, na aliyefunga ni sifuri moja. Halafu Ijumaa, saa moja asubuhi kabla watu hawajaingia, chanzo cha saa kimerudishwa. Sifuri moja.

Ningebadilisha majina sita zaidi, na wewe ungebaki mjinga wa Murera milele.

Nilikunja zile kurasa nikaziweka kwenye soksi. Sikumpelekea Madam Kendi faragha. Ningeweza, na Nyambura alinishauri hivyo. Nilikataa. Wewe hukuhukumiwa faragha.

Alhamisi iliyofuata Injinia alikuwa amekuja kusifu kazi yake ili apewe matawi mengine. Wote walikuwepo, hadi mhasibu. Niliingia na ngazi kana kwamba nakuja kuangalia taa. Nikaweka kurasa mezani mbele ya Madam Kendi, nikasema hii ndiyo ile historia aliyoiombea mzee dakika kumi. Injinia akacheka. Alisema, "Madam, usipoteze wakati. Huyu ni kibarua wa kuvuta waya, hata darasa la saba hakumaliza."

Nikasema, "Ni kweli. Basi tusomee wewe, Injinia."

Madam Kendi akamsukumia zile kurasa. Akasema, "Soma, kuanzia juu." Alisoma. Sauti yake ilikuwa ya kawaida mpaka kwenye saa tisa na dakika kumi. Madam akamuuliza, "Sifuri moja ni nani?" Akasema ni mambo ya kiufundi. Madam akauliza tena, pole pole, kama anavyoongea na mtoto. Akasema, "Ni mimi." Mhasibu akainamisha macho. Safari hii hakuna aliyecheka, na mimi nilitaka wacheke. Nilitaka wacheke kama walivyokucheka wewe. Hilo nililikosa, na bado linaniuma.

Nikasema pia habari ya tochi. Madam Kendi alinitazama, nami nikajua amekumbuka nilichomjibu siku ile.

Getini nilifika kabla ya Injinia. Nikamwambia Mutiso, "Usiharakishe." Hakuharakisha. Alitoa kompyuta, alitoa chaja, alitoa hata kitana, akakishika kwenye mwanga kana kwamba kina siri. Zamu ya mchana ilikuwa ikiingia. Injinia alivaa uso wa mtu anayengoja mvua ipite. Mutiso alipomaliza alimwambia, "Panga mwenyewe, mkubwa, mimi sijui vinavyokaa."

Kampuni yake kiwanda kimeiondoa. Na mimi wameniambia niuangalie mtambo mpaka watakapopata mtu mwenye vyeti. Nimeitengeneza ile ekstensheni ya kliniki. Ilikuwa ni maji kwenye kisanduku cha nje.

Juzi Injinia alikuja hapa Makongeni kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Akasimama mlangoni. Kwetu Mumias mgeni hata awe mwizi anapewa kiti kwanza, na mama yangu angeniona angenikana. Sikumpa kiti. Sikumpa maji. Alisema, "Hamisi, ndugu yangu, tuyamalize. Nina watoto." Nikamwambia kwamba wewe pia, Mzee, ulikuwa na mtoto, anaitwa Wairimu, na alikusikia ukitukanwa juu ya jeneza. Akasema hakukusudia ufe. Nikamwambia hilo namwamini, na bado halimsaidii. Nilimwacha amesimama juani mpaka akaanza kubadilisha mguu.

Kisha nikampa sharti langu. Jumamosi ijayo wanakujengea kaburi na kusimamisha msalaba. Kaka yako amealika watu wale wale, na mwenye spika ni yule yule. Nikamwambia, "Utakuja Murera. Utashika maiki ile ile. Utasema ni nani aliyebadilisha saa." Aliuliza, "Nisipokuja?" Nikamwambia nitasoma mimi, na nikisoma mimi nitasoma pole pole, kila herufi, na watu wa Murera watakuwa na muda mrefu wa kulisikia jina lake.

Amesema atakuja. Ameniomba tu iwe fupi. Nimekataa.

Usidhani nimemsamehe. Nikilala naiona ile kalamu aliyokuwa akichezea. Mama yangu anapiga simu kila wiki akiuliza nitarudi nyumbani lini, namwambia kuna kazi sijaimaliza, naye anadhani ni kazi ya kiwanda.

Lakini, Mzee, nimefunga kitanzi. Ulisema mtu ajipime kwanza. Nimejipima, na taa yangu haikuwa kijani. Yeye alidanganya, mimi nilijua alikuwa ndani ya kile chumba nikanyamaza, na ungekuwa na neno moja kutoka kwangu Alhamisi ile ungepewa dakika zako kumi. Mama Wairimu hajui. Alinikatia mkate na hajui. Kwa hiyo Jumamosi maiki itaanzia kwangu. Nitasimama upande wa miguu yako, nitasema nilishika tochi, nitasema niliulizwa na nilichojibu. Mama akitaka kuniondolea uso wake, ni haki yake. Nikimaliza, ndipo nitampa Injinia maiki, na sitatoka pembeni yake mpaka aseme neno la mwisho.

Kitu kimoja nakuahidi. Madam Kendi aliniuliza kama tuifute namba sifuri tatu kwa kuwa haina mtu. Nimesema hapana. Maadamu mimi ndiye ninayeugusa ule mtambo, itakaa pale, na hakuna atakayeingia nayo.

Pumzika sasa, Baba Wairimu. Dua yangu na sala zenu haziombwi kwa njia moja, lakini nakuombea. Jumamosi ukisikia spika ikilia juu yako, usishtuke. Ni watu wawili wamekuja kukurudishia jina lako, yeye kwa kulazimishwa, mimi kwa kuchelewa.

Hamisi, wa kuvuta waya.